Habari za Uvimbe wa Taya, na Punje za Dhahabu Zitafutazo Saratani katika Damu

Mtu aliyeshikwa na homa akienda leo katika zahanati ya mwambao wa Ziwa Nyasa, iwe Lituhi, iwe Liuli au Mbamba Bay, atachomwa kidole, na tone la damu yake litatiwa katika kijibao cheupe cha plastiki. Juu yake hudondoshewa maji ya dawa, kisha watu hungoja robo saa. Ukionekana mstari mmoja mwekundu, hana malaria. Ikionekana miwili, anayo. Tumewauliza watu wengi, hata walimu wenzetu, wekundu ule watoka wapi, nao hujibu upesi kwamba ni wekundu wa damu. Sivyo. Damu yenyewe huchukuliwa na yale maji ikapita zake. Wekundu unaobaki katika mstari ni wa dhahabu.

Siku moja tulipokuwa tukiwaeleza watoto wa darasa la sita jambo hilo, mmoja alisimama akauliza: “Mwalimu, kama dhahabu yaweza kukamata malaria katika tone moja la damu, mbona haikukamata saratani?” Alisema “haikukamata”, wala hakusema “haikamati”, naye alikuwa na sababu ya kusema hivyo, tutakayoieleza mbele. Hatukuwa na jibu siku ile. Tangu hapo tumetafuta katika vitabu na kuwauliza waganga wa hospitali, na haya tuyaandikayo ndiyo tuliyoyapata. Msomaji atuwie radhi ikiwa njia yetu itazunguka, maana jibu limepita Uingereza na Uganda kabla ya kufika huku kwetu.

Dhahabu tuijuayo ni ya manjano, kwa kuwa twaiona katika pete. Ikigawanywa hata ikawa vumbi jembamba mno ndani ya maji, rangi yake hugeuka ikawa nyekundu kama divai. Mafundi wa vioo wa Ulaya walilijua jambo hili zamani, wakatia dhahabu ili wapate kioo chekundu, lakini hawakujua sababu yake. Mwaka 1857 Michael Faraday, mwana wa mhunzi, alitengeneza maji ya dhahabu huko London, akapitisha mwali wa mwanga ndani yake. Maji yalionekana safi kabisa, walakini njia ya mwanga ikaonekana katikati yake. Kila aliyewahi kukaa jikoni asubuhi ameliona jambo la namna hii: jua hupenya katika tundu la paa, na mwali wake huonekana kwa sababu ya moshi. Chembe za moshi hazionekani moja moja, ila hutawanya mwanga, na mwanga huo humfikia mtu aliyekaa pembeni. Faraday alitambua kwamba ndani ya maji yale mna punje za dhahabu, nazo ni ndogo mno hata darubini za siku zile hazikuweza kuzionyesha. Baadhi ya chupa zake zingali zimehifadhiwa London hata leo.

Mwaka 1903 Zsigmondy na mwenzake Siedentopf, huko Ujerumani, walitangaza darubini ya namna mpya. Katika darubini za kawaida mwanga hutoka chini ukapita katika kitu kinachotazamwa, ukafika jichoni. Katika darubini yao mwanga uliingia ubavuni. Basi aliyetazama aliona giza tupu, na ndani ya giza vinukta ving’aavyo. Sisi wa ziwani hatuna haja ya kuelezwa sana. Usiku usio na mbalamwezi hatuoni kutoka ufukoni mtumbwi wa mvuvi wa usipa, wala mtu, wala kasia. Lakini taa yake twaiona, nasi twaweza kuhesabu mitumbwi yote hata ile iliyo mbali sana. Ndivyo punje za dhahabu zihesabiwavyo. Umbo la punje halionekani. Taa yake yaonekana. Kwa kazi yake hii na nyingine za namna yake Zsigmondy alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1925.

Udogo wa punje hizo si rahisi kuuwaza. Zile za kijibao cha malaria, tukizipanga elfu mbili katika mstari mmoja, hazizidi unene wa unywele. Lakini punje ya dhahabu ni kipofu: haiwezi kumtambua mdudu wa malaria, wala haimjui mgonjwa na mzima. Lazima ifungwe na kitu kinachotambua. Mwaka 1971 wataalamu wawili, Faulk na Taylor, walionyesha namna ya kuzivika punje za dhahabu kingamwili, yaani vile vitu ambavyo mwili huviunda ili vimshike adui mmoja tu na kuwaacha wengine wote. Katika kijibao cha malaria, dhahabu iliyovikwa hivyo huvishika vitu vinavyotolewa na mdudu wa malaria katika damu, huchukuliwa na maji juu ya karatasi, kisha hukamatwa na kingamwili nyingine zilizopangwa mstari kama nyavu. Punje moja haionekani. Zikisongamana mamilioni mahali pamoja, mstari mwekundu hutokea. Huo ndio ufundi wote, nao umeokoa watoto wengi wa nchi hii.

Sasa tuiache dhahabu kidogo, tuje kwa mtoto.

Miaka kadhaa iliyopita, katika shule moja ya mwambao tulikofundisha, alikuwako mtoto wa darasa la kwanza, umri wake miaka saba. Meno yake yakaanza kulegea. Mama yake alikuja kutuuliza, nasi tukamjibu kwa uhakika wa watu waliosoma, kwamba ni meno ya utoto, na kila mtoto wa umri ule hung’oka meno. Hatukumtazama kinywani. Kama tungalimtazama tungaliona kwamba yaliyolegea ni magego, na yanayong’oka katika umri ule ni meno ya mbele. Baada ya wiki tatu shavu likavimba. Wengine wakasema ni jipu la jino. Wengine wakasema ni mkono wa mtu, wakaenda kumtafuta aliyefanya. Alipofikishwa hospitali, jicho moja lilikuwa limesukumwa nje na tumbo limejaa. Kipande cha nyama kikakatwa, kikapelekwa mbali kupimwa. Majibu yalipofika, mtoto alikuwa na siku kumi na moja kaburini. Yule aliyeuliza darasani ni ndugu yake.

Ugonjwa ule waganga huuita uvimbe wa Burkitt, nao ni saratani ya chembe nyeupe za damu, zile ambazo kazi yake ni kuulinda mwili. Huwapata hasa watoto, nao hupenda kutokea katika taya, au nyuma ya jicho, au tumboni. Si mgeni katika Afrika. Bwana Albert Cook, aliyefungua hospitali ya Mengo huko Uganda mwaka 1897, aliwaona watoto wa namna hii akawaandika katika daftari zake. Lakini kila mganga aliyemwona mmoja alidhani ni ajali ya mtoto yule peke yake.

Mwaka 1957 Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago mjini Kampala, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amtazame mtoto wa miaka mitano, aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Hakujua ni ugonjwa gani. Baada ya muda si mrefu alikuwa katika hospitali ya Jinja, akachungulia dirishani, akamwona nje mtoto mwingine ameketi majanini na mama yake, na uso wake ni kama wa yule wa kwanza. Burkitt alisema moyoni kwamba mmoja ni ajabu, lakini wawili ni habari. Akaanza kufunua daftari za wagonjwa wa zamani, akawaona wengi, na mwaka 1958 akaandika habari yao katika jarida la wapasuaji la Uingereza. Inafaa tuseme pia kwamba bwana huyu, mzaliwa wa Ireland, alikuwa na jicho moja tu. La pili lilipotea alipokuwa mtoto. Aliyaona mengi kwa hilo moja kuliko sisi kwa mawili.

Alichotaka kujua kwanza ni mahali: ugonjwa huu wakaa wapi, na wapi haupo? Alipiga chapa karatasi kiasi cha elfu moja zenye picha za watoto, akazituma katika hospitali za serikali na za misioni katika Afrika, akiuliza kama wamewaona. Majibu yaliporudi alitia alama katika ramani, akaona kama mshipi unaokatiza katikati ya Afrika, na mkia wake washuka kusini upande wa Msumbiji. Ndipo akataka kuona kwa macho yake mwisho wa mshipi huo.

Tarehe 7 Oktoba 1961 waliondoka Kampala waganga watatu, Burkitt na wenzake Ted Williams na Cliff Nelson, katika gari kuukuu la Ford. Walisafiri wiki kumi, maili 10,000, yaani kilomita 16,000, wakashuka hata Afrika ya Kusini na kurudi, wakiingia katika hospitali zaidi ya hamsini. Tanganyika na Nyasaland walizipita, na wiki zile zile ndizo Tanganyika ilizokuwa ikingojea Uhuru wake wa tarehe 9 Desemba. Hawakuwa na mashine yo yote ya kupima. Walikuwa na picha, na swali moja kwa kila mganga: Umemwona mtoto wa namna hii?

Waligundua kwamba ugonjwa wafuata nchi za joto zilizo chini, zenye mvua ya kutosha: kandokando ya maziwa, mabonde ya mito, pwani. Panda mlimani, hutoweka. Karibu na ikweta haukuonekana juu ya futi 5,000 hivi, yaani mita 1,500. Kusini zaidi, mahali ambapo baridi huanza chini zaidi, mpaka wake ulishuka hata futi 3,000. Basi si urefu wa mlima uzuiao, bali baridi. Na ni kitu gani kipendacho joto na maji, kikakimbia baridi? Kila mtoto wa ziwani ajua: ni mbu.

Tukiitazama nchi yetu kwa kanuni hiyo, twaona mfano wake mbele ya mlango. Maji ya Ziwa Nyasa yapo chini ya mita 500 juu ya bahari. Barabara ya kutoka Mbamba Bay kwenda Mbinga haizidi kilomita 70, lakini msafiri huanza katika joto la minazi na mihogo, naye humaliza akivuta shuka, katika mashamba ya kahawa na mashimo ya ngoro ya Wamatengo, ambako vilele hupita mita 1,500. Katika safari ya saa moja au mbili mtu avuka mpaka ule ambao Burkitt aliutafuta kwa wiki kumi. Wazee wa Umatengo husema tangu zamani kwamba ziwani kuna homa; nao Wanyasa hujibu kwamba mlimani kuna njaa. Hayo ya njaa tuyaache.

Mbu peke yake hakutosha kueleza. Mwezi Machi 1961, kabla ya safari ile ndefu, Burkitt alikuwa amehutubia katika hospitali ya Middlesex mjini London, na kijana mmoja, Anthony Epstein, mtafuta virusi, alikuwa akisikiliza. Wakapatana. Vipande vya uvimbe wa watoto wa Uganda vikawa vikipelekwa London kwa ndege, naye Epstein kwa muda mrefu hakuona kitu. Kuelekea mwisho wa mwaka 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu, ikatua Manchester. Kipande kilipomfikia maji yake yalikuwa yamechafuka, kama kitu kilichooza. Mtu mwingine angalikitupa. Yeye aliyatazama, akaona kwamba uchafu ule ni chembe za uvimbe zilizobanduka, nazo zi hai. Akazikuza. Mwaka 1964, pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr, akaviona virusi ndani yake, vya kwanza kujulikana katika saratani ya binadamu. Vyaitwa Epstein-Barr mpaka leo.

Hapa yafaa kusema neno kwa ajili ya akina mama. Virusi hivyo hupita katika mate, nao karibu watu wote duniani wanavyo, wazungu na weusi, wala havimdhuru mtu walio wengi. Mama aliyemtafunia mtoto chakula hakumwua. Wala hakuna mtu aliyetuma uvimbe ule kwa uchawi. Ni pale tu malaria irudipo mara kwa mara katika mwili wa mtoto mdogo, ikauchosha ulinzi wake, ndipo chembe moja yenye virusi hupotoka, ikaanza kuzaa pasipo kukoma. Mambo mawili ya kawaida yakikutana, hutoka la tatu lisilo la kawaida.

Ushahidi wa jambo hili ulitoka katika damu. Kati ya mwaka 1972 na 1974, katika wilaya ya West Nile huko Uganda, watoto 42,000 hivi walitolewa damu kidogo wakiwa wazima, ikahifadhiwa katika baridi kali. Kisha watafiti wakangoja. Habari iliyotolewa mwaka 1978 ilisema kwamba watoto 14 kati yao walishikwa na uvimbe huo, nao, damu yao ya siku za uzima ilipofunguliwa, walionekana kuwa na kingamwili za virusi vile kupita wenzao. Damu ilikuwa imesema kabla ya taya kuvimba. Huku kwetu Tanzania, upande wa Mara ya Kaskazini, kulikuwa na jaribio jingine: toka mwaka 1977 hata 1982 watoto waligawiwa klorokwini ili kuona kama malaria ikipungua uvimbe nao utapungua. Ulipungua, lakini ulikuwa umeanza kupungua kabla ya dawa kugawiwa, na wadudu wa malaria wakazoea klorokwini. Basi jaribio halikukata neno.

Na dawa? Hapa ndipo moyo huuma. Uvimbe huu hukua upesi kuliko karibu saratani zote, waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Lakini kwa sababu hiyo hiyo husikia dawa kuliko nyingi. Burkitt mwenyewe, katika miaka ya mwanzo ya 1960, aliwadunga watoto dawa chache alizokuwa nazo, akaona nyuso zikirudi katika umbo lake kwa siku chache tu, na wengine hawakuugua tena. Mwaka 1967 Mulago ilifunguliwa nyumba maalum ya kuwatibu. Kwa hiyo mtoto wetu hakufa kwa ugonjwa usio na dawa. Alikufa kwa kuchelewa kujulikana. Kutoka Mbamba Bay mpaka Dar es Salaam, ambako watoto wenye saratani hutibiwa Muhimbili, ni zaidi ya kilomita 1,000. Uvimbe wakua njiani.

Sasa twarudi katika swali: je, damu yaweza kuisema saratani, kama isemavyo malaria?

Mwaka 1869, huko Melbourne katika Australia, mganga Thomas Ashworth alitazama kwa darubini damu ya mtu aliyekufa kwa saratani iliyomwenea mwilini. Akaona ndani yake chembe zifananazo kabisa na zile za uvimbe. Akawaza kwamba labda hivi ndivyo saratani isafirivyo, kwa njia ya mishipa, kama mbegu ichukuliwavyo na mto. Wazo lake lilikuwa jema, ila halikuweza kufanyiwa kazi kwa zaidi ya miaka mia, kwa sababu ya uchache wa chembe hizo. Katika mililita moja ya damu, ambayo haijazi hata kijiko cha chai, mna chembe nyekundu kiasi cha bilioni tano, na nyeupe milioni kadhaa. Za saratani, mgonjwa akiwa nazo, huenda ikawa moja au mbili. Tuliwapa watoto hesabu hiyo kwa mahindi. Gunia la kilo 100 lina punje kama 300,000. Basi kutafuta chembe ile ni kutafuta punje moja yenye doa katika magunia zaidi ya 16,000.

Malaria haina shida hiyo, maana mdudu wake huzaa kwa wingi, na uchafu wake hujaa katika damu. Hilo ndilo jibu la kwanza kwa yule mtoto.

Watu hawakukata tamaa. Mwaka 2004 Serikali ya Marekani iliruhusu kipimo kiitwacho CellSearch. Huko punje si za dhahabu bali za chuma, zimevikwa kingamwili zinazoshika chembe za saratani za namna fulani. Kisha sumaku huzivuta zikaja na mateka wao. Kwa mililita saba na nusu za damu waliweza kuhesabu, na kwa wanawake ambao saratani ya ziwa imekwisha kuenea, waliokutwa na chembe tano au zaidi hali yao ilikuwa mbaya kuliko ya wenzao.

Dhahabu nayo ilifuata. Mostafa El-Sayed, mwana wa Misri aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu mjini Atlanta, Marekani, pamoja na mwanawe Ivan, ambaye ni mpasuaji, na Xiaohua Huang, walivika punje za dhahabu kingamwili, wakazitia katika vyombo vyenye chembe za saratani ya kinywa na vyombo vyenye chembe nzima. Mwaka 2005 walitangaza waliyoyaona. Chini ya darubini ya giza, dhahabu ilishikamana na chembe za saratani mara sita zaidi kuliko na zile nzima, hata zikang’aa kama mitumbwi ya usipa iliyozunguka kundi la samaki. Kwa nini dhahabu hung’aa hivyo? Mwanga ufikapo, vichembe vya umeme vilivyomo ndani ya punje huyumba vyote pamoja, kama maji katika beseni lililotikiswa, na kwa kuyumba huko punje huutupa mwanga pande zote kwa nguvu kubwa kuliko umbo lake.

Hata hivyo chombo cha maabara si damu. Katika damu, chembe nyeupe mamilioni nazo hutawanya mwanga, na taa za wavuvi hupotea kama taa katika mji wenye umeme. Ilihitajika taa yenye chapa yake. Chapa hiyo ilitoka India. Mwaka 1921 C. V. Raman, alipokuwa merikebuni, alistaajabia ubuluu wa bahari, akaanza kuchunguza namna maji yautawanyavyo mwanga. Mwaka 1928 aligundua kwamba sehemu ndogo sana ya mwanga uliotawanywa hubadilika rangi kidogo, na mabadiliko hayo hutofautiana kwa kila kitu, kama alama ya dole gumba. Akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Alama hiyo ni dhaifu mno, lakini kitu kikigusana na madini kama fedha au dhahabu, alama yake huongezeka mara nyingi sana. Jambo hili lilianza kuonekana katika Uingereza mwaka 1974.

Basi mwaka 2011 kundi la Shuming Nie na Dong Shin, la Atlanta vile vile, liliziunganisha habari hizi zote. Punje ya dhahabu ikapakwa rangi yenye chapa yake, ikavikwa kitu kinachoshika chembe za saratani, ikatiwa katika damu ya wagonjwa 19 wa saratani ya kichwa na shingo. Mwanga wa leza ukapitishwa, na chapa ikasomwa. Walipata chembe za saratani toka moja hata 720 katika kila mililita. Faraday na mwali wake, Zsigmondy na giza lake, Raman na bahari yake, wote walikuwamo katika kichupa kile.

Isidhaniwe kwamba twaweza kwenda Songea au Peramiho kesho tukaomba kipimo hicho. Ni kazi ya maabara za uchunguzi bado, nayo yataka leza na watu waliofunzwa. Tena hilo ndilo jibu la pili kwa yule mtoto, nalo ni gumu zaidi: kingamwili na vishikio vilivyotumika katika kazi hizi vilichaguliwa kwa saratani za matiti, kinywa na koo. Uvimbe wa Burkitt ni saratani ya chembe za damu zenyewe. Ule mtego hauwezi kuukamata. Ni kama wavu wa samaki wakubwa uliotupwa kwa ajili ya usipa.

Kwa uvimbe huu njia nyingine imeanza kufunguliwa, nayo imefunguliwa huku kwetu. Chembe za saratani zifapo, huacha katika damu vipande vya vinasaba vyake, na pamoja navyo vipande vya vinasaba vya virusi. Katika miaka ya karibuni wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford, pamoja na wenzao wa Muhimbili na wa hospitali ya Lacor huko Gulu, Uganda, wamekuwa wakichunguza kama damu ya mtoto yaweza kutoa jibu hilo, ili asingoje kipande cha nyama kikatwe, kipikwe katika dawa na kusomwa na mtaalamu ambaye mikoa mingi haina. Hilo tungalilitamani sana mwaka ule.

Tulimwita yule mtoto wa darasa la sita tukamweleza haya yote, kwa siku mbili, baada ya masomo. Alisikiliza vizuri. Mwisho aliuliza jambo moja tu: kama mwalimu angalimtazama kinywani ndugu yake siku ile, angalipona? Tukamwambia kwamba huenda angalipona. Hakusema kitu, akaenda zake kuchota maji.

Tangu wakati huo, kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, watoto wa darasa la kwanza na la pili hupanga mstari mbele ya ofisi wakafunua vinywa, nasi hutazama magego, na taya, na macho kama yako sawa, na kugusa matumbo yao. Huchukua nusu saa. Mwaka jana tulimkuta msichana mmoja mwenye gego lililolegea, tukampeleka hospitali siku ile ile kwa pikipiki. Lilikuwa jino bovu tu, likang’olewa.